Dhahabu Nyekundu ya Anastasie

Mke wangu Anastasie alizikwa bila kengele. Kengele ya kanisa letu la Kyondo ni kipande cha reli tu, kimefungwa kwa waya kwenye mti wa kalitusi, mtoto yeyote anaweza kukigonga. Lakini mwenyekiti wa baraza la kanisa alikataza. Alisema mwanamke yule hakuwa na ndoa. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, sijui wakubwa wanatunga sheria zao wapi, lakini jambo hili nalijua lote kwa sababu nilikuwepo, na nitalisema kama lilivyokuwa.

Anastasie alikuwa mtu wa upande wa Butembo. Alivuka mpaka wa Kongo na Uganda pale Mpondwe mwaka wa sitini na nne, waasi walipoingia kwao. Mama yake alifia njiani. Aliingia Bwera na nguo aliyovaa, na jiwe moja la kijani ambalo alilivusha ndani ya shavu kama mtu anayemumunya peremende. Lilikuwa jiwe la mama yake. Ukubwa wake kama punje ya harage, na ukilielekeza kwenye jua lilikuwa na rangi ya jani la kahawa likiwa bado changa.

Mimi wakati huo nilikuwa mpakiaji mizigo stesheni ya Kasese. Nilimkuta sokoni Bwera akiuza ndizi mbivu, tukaelewana. Nilipeleka mbuzi kwa kaka yake, Jean-de-Dieu, ambaye alikuwa akivuka huku na huku na chumvi na vitenge. Mbuzi wakapokelewa, pombe ikanywewa. Kwa watu wetu tukawa mume na mke. Kwa kanisa, hapana. Baraza lilitaka ushahidi kutoka parokia ya kwao kwamba hakuacha mume huko. Parokia ilikuwa imechomwa moto. Nyumba ya majivu itamtoa wapi shahidi? Niliwauliza hivyo. Wakasema sheria ni sheria.

Basi mke wangu akakaa miaka yote ile bila kukomunika. Kila Jumapili, wenzake wakisimama kwenda mbele kupokea ekaristi, yeye alibaki kwenye benchi la nyuma na kuwashikia watoto wao. Wengine walimpa watoto wawili, mmoja kila goti. Sisi Mungu hakutupa wa kwetu. Hakuwahi kulalamika, lakini tukirudi nyumbani alikuwa haongei mpaka chakula kiive.

Mwaka wa sabini na mbili akaanza kuvimba. Miguu kwanza, halafu uso, halafu mikono. Wiki hii anavimba, wiki ijayo anakonda kama mtu aliyeshindishwa njaa. Tulikwenda hospitali ya misheni kule Kisinga. Daktari akasema ni figo, na akasema kwa upole, lakini nilimwelewa. Nikaacha kazi ya stesheni, tukahamia shambani kwetu Kyondo, dada yangu Ithungu akaja kutusaidia.

Hapo ndipo padri mpya alipotoa ruhusa. Wakimbizi waliokosa ushahidi, watu wawili wakiwaapia, wafungishwe ndoa. Jean-de-Dieu akaapa, na mwenzake akaapa. Nikadhani tumemaliza. Mwenyekiti wa baraza, Masereka, ambaye pia ndiye alikuwa karani wa kununua kahawa yetu, akasema bado pete. Ndoa ya kanisa ni pete ya dhahabu. Asiye na pete anaazimwa ile ya kanisa, anavishwa, anapewa baraka, halafu anairudisha mlangoni.

"Ya kuazima sitaki," Anastasie akaniambia. "Mama yangu hakuona ndoa yangu. Jiwe yake itaiona."

Hicho ndicho alichotaka. Avae jiwe la mama yake, apokee ekaristi, azikwe kama Mkristo. Hakuomba shamba la mtu.

Jean-de-Dieu akatuletea unga wa dhahabu kutoka kwao, umejazwa ndani ya shina la unyoya wa kuku na kuzibwa kwa nta, ndivyo wanavyoubeba. Tukashuka mpaka Kasese kwa sonara Maganlal. Alikuwa Mhindi mrefu, mwenye kiburi, hasalimii mtu mpaka aone umebeba nini. Siku hiyo duka lake lilikuwa nusu tupu. Serikali ilikuwa imewaambia Wahindi wote watoke Uganda, na siku zao zilikuwa zinaisha. Alikuwa ameshafunga mizani yake ndani ya blanketi. Ikabidi aifungue tena, huku akinung'unika.

Aliyeyusha unga wetu, akautazama, akasema ni safi. Kisha akalitazama lile jiwe kwa lenzi yake.

"Zumaridi hapana," akasema. "Lakini jiwe mzuri. Sasa, mama, unataka dhahabu gani?"

"Ya dhahabu," mimi nikajibu.

Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza maji yana maji. Akatoa vipande vitatu vya waya kwenye kopo na kuvipanga juu ya meza. Cha kwanza kilikuwa cha njano kabisa, cha pili njano iliyopoa, cha tatu chekundu kama sufuria.

"Dhahabu tupu ni sehemu ishirini na nne. Hii ina dhahabu ishirini na mbili. Ona." Akakizungusha kile cha njano kwenye kidole, kikafuata kidole kama nta. "Laini. Bibi arusi wa Kihindi anavaa siku mbili, anaweka ndani ya sanduku. Wewe, mama, unalima?"

"Ninalima," Anastasie akasema.

"Basi jembe moja, mbili, tatu, makucha yanayoshika jiwe yanafunguka. Jiwe inaanguka kwa kahawa. Nani atatafuta?" Akachukua kile chekundu, akakipinda, kikamrukia na kunyooka tena. "Hii ina tisa. Tisa tu ni dhahabu, iliyobaki ni shaba na fedha kidogo. Ngumu. Hii ikishika jiwe, imeshika mpaka mwisho wa dunia. Lakini..." Akamshika Anastasie mkono, akaubonyeza juu ya kiganja. Alama ya kidole gumba ikabaki pale kama kwenye unga uliokandwa. "Mkono hii inavimba?"

"Siku zingine."

"Ndiyo shida. Ile laini, ukivimba, mume wako atafungua kwa mkono wake. Hii ngumu haifunguki. Itataka msumeno wangu. Na msumeno wangu inakwenda." Akaonyesha lile blanketi. "Siku za kawaida ningefanya dhahabu mbili. Huku chini kwa kidole laini, huku juu kwa jiwe ngumu, nachomea pamoja polepole. Kazi ya wiki. Serikali yenu haikunipa hiyo wiki. Chukueni kumi na nane. Ya katikati. Kila mtu mwenye akili anachukua kumi na nane kwa pete ya jiwe."

Mimi nikasema kumi na nane. Ilikuwa nzuri, si laini sana, si ngumu sana, na rangi yake ilikuwa ya dhahabu, hakuna mtu angeuliza. Lakini Anastasie alikuwa ameshika ule waya mwekundu na kuugeuzageuza.

"Hii ya kumi na nane inangara," akasema.

"Dhahabu lazima ing'are, mama."

"Njo maneno yangu. Barabarani beko basoda. Bakiona kitu ya njano, banakamata. Mwezi uliopita balikata mama mumoja wa Katunguru kidole ju ya pete."

Sijui kama hiyo ya askari kukata kidole ilikuwa kweli. Miezi ile kila mtu alikuwa na habari yake. Lakini sikuweza kumwambia ni uongo, kwa sababu mambo ya kweli yalikuwa mabaya kuliko hayo.

"Hii nyekundu," akasema, "ni nani atajua ni dhahabu? Batasema ni shaba tu. Na jiwe ya mama haitaanguka. Kama mukono inavimba, itavimba na pete yake."

"Mama, fikiri," Maganlal akasema, na mara hii sauti yake haikuwa ya kiburi. "Mimi naondoka. Hakuna mtu Kasese atakufungulia hiyo."

"Nimefikiri."

Akatengeneza. Shaba aliichuna kwenye waya wa umeme. Nakumbuka niliwaza kwamba labda imetoka kwenye mgodi wa Kilembe, mlima wetu huu huu, imepanda treni kwenda kwa wakubwa, ikarudi kama waya, na sasa inaingia kwenye pete ya mke wangu, basi angalau kipande hicho kimetufikia. Alikata makucha manne, akayakunja juu ya jiwe moja baada ya jingine, akapiga chapa ya tisa upande wa ndani. Dhahabu iliyobaki ikawa malipo yake. Hatukumwona tena.

Tulirudi na pikapu ya mtu wa Bwera. Tulikuwa tumejaa nyuma, na pamoja nasi alikuwamo Vasta, mwimbaji wa kwaya yetu, mwanamke mwema lakini mdomo wake haujui kulala. Pale njiapanda ya Kikorongo askari wakatushusha. Wakatupanga mstari kando ya barabara. Vasta alikuwa na hereni za njano za sokoni, bati lililopakwa rangi. Wakamwambia avue, wakagawana pale pale kwa furaha, moja moja.

Mmoja akafika kwa Anastasie.

"Wewe. Leta mkono. Hii nini?"

"Ni shaba, afande."

"Shaba na jiwe? Ya kazi gani?"

"Ni dawa, afande. Munganga alinipatia ju ya kuvimba. Ona uso yangu."

Askari akautazama uso wake, kisha akauachia mkono kama ameshika kaa la moto. "Toa uchawi yako hapa. Panda gari. Wewe, mzee, panda na yeye, haraka."

Kwetu milimani wazee wengi huvaa shaba ya mganga, mkononi au mguuni, kwa ajili ya mizimu au maumivu, hata askari wa mbali anajua. Gari lilipofika mbali Anastasie akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika mbavu, watu wote wakacheka naye, hata Vasta aliyekuwa na masikio matupu.

"Mama, kumbe una ndumba," Vasta akamwambia.

"Kali sana. Inafukuza majeshi."

Nilimpenda siku ile kuliko siku zote. Alikuwa amewashinda.

Padri alikuwa anakuja Kyondo mara chache tu kwa mwaka. Ndoa yetu ikapangwa mwezi wa pili wa sabini na tatu. Wiki kadhaa kabla, Masereka akaja nyumbani na wazee wawili wa baraza. Ithungu akawapa viti. Mke wangu alikuwa amelala ndani, mlango uko wazi. Wiki hiyo alikuwa amekonda, uvimbe umeshuka.

"Ndugu Thembo," Masereka akaanza, "tumesikia bibi anavaa dawa ya mganga."

"Anavaa pete ya ndoa."

"Vasta alimsikia kwa masikio yake akimwambia askari."

"Alimdanganya askari."

"Kwa hiyo ni mwongo." Mzee mmoja akacheka kidogo.

"Mwenyekiti, wewe ungemwambia nini? Kwamba ni dhahabu, afande, karibu?"

"Mimi sitembei na dhahabu. Hebu tuione."

Anastasie mwenyewe akaivua, Ithungu akaileta. Masereka akaipeleka dirishani, akaigeuza, akaona ile chapa.

"Tisa. Hii tisa ni ya nini? Waganga nao wana hesabu zao."

Nikamweleza kama Maganlal alivyotueleza. Sehemu ishirini na nne, tisa ni dhahabu.

"Na kumi na tano?"

"Shaba. Na fedha kidogo."

Akawageukia wazee wake, na nikaona amefurahi. "Basi umesema mwenyewe. Ukiniletea gunia la kahawa, sehemu tisa kahawa, sehemu kumi na tano mawe, mimi karani niandike nimepokea kahawa?"

Wakacheka wote watatu. Jibu likatoka chumbani.

"Muzee Masereka, ule mulima wa Kilembe, mawe iko mingi, shaba iko kidogo. Mbona banaita mugodi ya shaba?"

Wazee wakaacha kucheka. Mmoja akatazama chini kama anatafuta kitu.

"Wewe mama pumzika," Masereka akasema. Kisha kwangu, "Ndugu, mimi si adui yako. Lete mtu anayejua dhahabu, aje mbele ya baraza aseme hii ni dhahabu. Tutamsikiliza. Kwa sasa hii tungeichukua, iteketezwe, watu wapate amani."

Alipotamka hilo Anastasie alikuwa ameshafika mlangoni, ameshikilia ukuta. Akanyoosha mkono. Masereka akasita, halafu akampa. Akaivaa hapo hapo mbele yao, akaisukuma mpaka mwisho wa kidole. Baada ya hapo hakuivua tena, hata kulala, kwa kuogopa watakuja kuichukua.

Nikateremka Kasese kumtafuta mtu anayejua dhahabu. Duka la Maganlal lilikuwa wazi. Limegawiwa kwa sajini mmoja, na nyuma ya kaunta alikaa ndugu yake akiuza chumvi na sabuni. Ile meza ya kufulia dhahabu ilikuwa imepangwa majani ya chai. Nikamuuliza kama sonara aliacha kifaa chochote, au kama anamjua sonara mwingine.

"Sonara ndiyo nini?" akaniuliza.

Nikazunguka mji mzima. Fundi saa akaniambia wote walikuwa Wahindi, wote wamekwenda. Labda Kampala. Kampala yenyewe nani alikuwa na uhakika? Na nani angepanda mpaka Kyondo kwa ajili ya mke wa mpakiaji? Waliowafukuza waliangalia magari na maghorofa. Hawakuwaza kwamba kuna mtu Kyondo anahitaji neno moja tu kutoka kwenye mdomo wa mmoja wao.

Nikarudi kwa Masereka na mikono mitupu. Akawa ameshafikiri.

"Basi ataazima ya kanisa," akasema, na akaitoa mfukoni anionyeshe. "Hii dhahabu. Unaona rangi?"

Niliishika. Ilikuwa nyepesi kama kizibo cha soda. Niliyaona mengi wakati ule, lakini mtu akishika mlango unaotaka kupita, unanyamaza.

"Sharti moja," akasema. "Ile nyingine aitoe mkononi kabla ya kuingia kanisani."

"Si avae hii mkono mwingine?"

"Hii mkono wa kulia, dawa mkono wa kushoto. Atakuwa ameolewa na wewe au na mganga?"

Nilimwambia Anastasie nikidhani atakataa. Akazungusha pete kidoleni. Kisha akasema sawa. "Nitavaa ya bo. Ya mama itakaa ndani ya mufuko yangu. Anaweza kuona kupitia mufuko."

Lakini uvimbe ukarudi. Ulirudi siku tatu kabla ya padri, ukapanda mikononi mpaka vidole vikawa kama ndizi ndogo. Pete ikazama. Ulikuwa unaona jiwe tu, limekaa kwenye nyama kama jicho. Tukajaribu sabuni. Tukajaribu mafuta ya mawese. Ithungu akafunga uzi toka kwenye ncha ya kidole mpaka kwenye pete, akaufungua polepole huku akiuvuta, kama wanavyofanya wanawake. Pete ikasogea kidogo, ngozi ikachanika, ikagoma.

Asubuhi ya ndoa tulisikia pikipiki ya padri ikipanda mlima. Ithungu alikuwa amemvalisha gauni jeupe aliloazimwa na Vasta. Ndiyo, Vasta. Alilileta mwenyewe akilia, akisema hakujua maneno yake yatafika huko.

"Ikate," Anastasie akaniambia.

"Jiwe je?"

"Jiwe itabaki jiwe. Ikate, Thembo. Padri amefika."

Sikuwa na msumeno mdogo. Nilikuwa na tupa ya kunolea panga. Nikaingiza kipande cha bati chini ya pete nisimkate, nikaanza kusugua. Dhahabu ile ilikuwa ngumu, tupa ilikuwa inateleza juu yake. Kama ningekuwa nafanya kwenye meza, ingekuwa kazi ndogo. Kwenye kidole cha mgonjwa kilichovimba, kila nikisukuma tupa yeye anafumba macho. Nikiacha anafumbua, ananiambia, "Endelea." Unga mwekundu ukadondoka kwenye gauni. Ithungu akawa anaupuliza.

Masereka akaja mlangoni. "Padri anangoja."

"Mwambie nakata pete."

Akaenda. Akarudi. "Padri ana kanisa jingine leo, na mvua inakuja."

"Aje hapa. Aje amwone."

"Nimemweleza hali," akasema.

Padri yule alikuwa mgeni, hakujua lugha yetu ya Lhukonzo, na Kiswahili chake kilikuwa cha sala tu. Mwenyekiti ndiye alikuwa mdomo wake na masikio yake. Alimweleza hali gani, sijui mpaka leo. Nilitaka kukimbia mwenyewe mpaka kanisani, lakini nilikuwa nimefika nusu ya pete, nikawaza nikimaliza tutakwenda pamoja, nitambeba mgongoni. Nikasugua kwa haraka zaidi. Tupa ikaruka, ikamchana. Damu ikafunika kila kitu, nikawa sioni ninapokata.

Halafu tukaisikia pikipiki ikishuka mlima.

Anastasie akaisikiliza mpaka ikapotea. Akanishika mkono wenye tupa, akaushusha. "Basi," akasema. "Pumzika. Umetoka jasho."

Masereka alipita jioni kutuambia padri atarudi mwezi wa sita. Aliongea kama anayetangaza siku ya kununua kahawa.

Siku nyingi baadaye, katika hospitali ya Kisinga nilipolazwa kwa ngiri, nilimpata padri mwingine, mzee, aliyekuja kuwatembelea wagonjwa. Nilimsimulia. Akaniambia pete si lazima. Ndoa ni maneno ya watu wawili mbele ya padri na mashahidi, akasema, hata kwa mikono mitupu ingekuwa ndoa. Nadhani alitaka kunifariji. Niligeukia ukuta. Kama ndivyo, waliokuwa na kazi ya kujua walikuwa wapi?

Wiki mbili baada ya siku ile ya tupa, uvimbe ulishuka ghafla. Ulishuka kuliko wakati wowote, mpaka mifupa ya uso ikaonekana, na Ithungu akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Asubuhi moja Anastasie alinyoosha mkono kuchukua kikombe, na pete ikateleza yenyewe ikaanguka juu ya blanketi. Alama ya tupa ilikuwa nusu, jiwe halijatikisika. Akaiokota, akaniwekea kiganjani.

"Imetoka," akasema. "Hakuna kitu mukononi sasa. Mwite padri."

Nilitembea kutoka Kyondo mpaka misheni bila kula. Mlinzi akaniambia padri amekwenda Fort Portal kwenye mkutano wa askofu, atarudi baada ya wiki, labda mbili. Nikamuuliza padri mwingine. Akasema wote wako kwenye mkutano. Nilikaa pale kwenye ngazi mpaka akanifukuza.

Nilifika nyumbani mchana wa siku iliyofuata. Alikuwa ameketi kitandani, Ithungu amemwegemeza kwa mito na gunia la maharage. Alikuwa amevaa lile gauni jeupe, limefuliwa, doa la damu limebaki kama kutu. Alikuwa amesukwa nywele.

"Anakuja?" akauliza.

Nikamtazama Ithungu, Ithungu akatazama mlango.

"Anakuja," nikasema.

"Leo?"

"Yuko njiani. Pikipiki imemsumbua kidogo."

Akafurahi. Akaninyooshea mkono, akanigusa shavu kwa vidole vitupu. "Na wewe uko kama mutu ya gereza," akasema. "Nenda unyoe ndevu. Asikukute hivi."

Nikachukua wembe na kipande cha kioo, nikatoka nje, nikaweka maji kwenye karai. Nilinyoa taratibu, nikisikia wanaongea ndani, yeye akimwambia Ithungu afagie mlangoni. Nilikuwa nimemaliza shavu moja na kugeuza kioo upande wa pili Ithungu aliponiita. Hakuita kwa nguvu.

Nilimzika siku ya pili. Watu waliokuja kwenye maziko wakanitazama uso na kunong'onezana. Sikuwaeleza kitu. Sikunyoa ule upande mwingine mpaka arobaini ilipokwisha.